Kura ya Bolti

"Sikatai kwamba zinang'aa, Ndugu Mwenyekiti," nilimwambia. "Hata sufuria yangu inang'aa, lakini siifungi kwenye gurudumu."

"Mama Suma, jambo hili limekwisha. Halmashauri ya kijiji imepiga kura."

"Kura haikazi bolti."

"Kura ni sauti ya wananchi!"

"Basi wananchi wajiandae kupiga kelele. Isakwisa akikata usukani kushoto na gurudumu likaenda kulia, watu wote waliite kwa pamoja. Labda litasikia."

Watu waliokaa kwenye gogo nje ya banda la Kornel walicheka. Kisha wakakumbuka anayechekwa ni nani, wakageuza kicheko kuwa kikohozi. Ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio, kwa hiyo kikohozi kilikuwa na kisingizio.

Mwenyekiti Wilibrodi hakucheka. Alisimama katikati ya banda na koti lake la sufi, kiganja kimefunguka, bolti sita mpya zimelala juu yake kama mayai ya kanga. Alikuwa amezifuata mwenyewe Sumbawanga mjini, akizunguka duka moja baada ya jingine siku nzima, na tangu arudi alikuwa hajaziweka chini. Nadhani alilala nazo.

Nyuma yake Landrova ya kijiji ilikuwa imeinuliwa juu ya mawe, gurudumu la kushoto la mbele limetolewa. Chini yake ilionekana miguu miwili yenye viatu vya raba. Hiyo ilikuwa miguu ya mume wangu, Isakwisa, dereva wa kijiji, mtu asiyejua kubishana. Nilipoolewa naye huko kwetu Rungwe, mama yangu alisema nimepata mume mpole. Hakuniambia kwamba upole huo nitaulinda mimi.

Shida yenyewe ilikuwa rahisi. Juu ya ekseli ya mbele, karibu na gurudumu, kuna mkono wa chuma unaopokea amri ya usukani na kuligeuza gurudumu. Mkono huo unashikwa na bolti. Moja ilikuwa imekatika, na nyingine zilikuwa zimevutika hadi shingo zikawa nyembamba. Gari lilikuwa limetumika kabla hata ya Uhuru, na barabara zetu hazijawahi kulihurumia. Bolti hizo zikikatika shambani, gari linasimama na mnarudi nyumbani kwa miguu. Zikikatika kwenye mteremko wa kushukia Kasanga, ambako upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni hewa, hakuna anayerudi.

Na Isakwisa alitakiwa kuteremka Kasanga kesho yake alfajiri. Mashine yetu ya kusaga ilikuwa inakuja kwa meli kutoka Kigoma. Asipokuwapo mtu wa kuipokea gatini, ingeendelea na safari mpaka Mpulungu, Zambia, na huko nani angeirudisha? Wanawake wa kijiji walikuwa wameisubiri tangu tuhamie pale. Mimi mwenyewe, Bibi Maendeleo wa kijiji, ndiye niliyeiomba. Kwa hiyo msidhani nilikuwa nazuia safari. Nilitaka mashine, na nilitaka mume. Sikuona kwa nini nichague.

"Hebu nikuulize," nilimwambia Mwenyekiti. "Dukani walikuambia hizi ni za kufungia nini?"

"Kufungia vitu."

"Vitu gani?"

"Mama Suma, bolti ni bolti. Ina kichwa, ina meno, ina nati. Unataka iwe na cheti cha ubatizo?"

"Ndiyo. Na kinaandikwa kichwani." Nilichukua moja kutoka kiganjani mwake, nikaigeuza ili watu wa kwenye gogo waone. "Bolti yenye nguvu huwekwa alama kichwani kiwandani. Hii haina alama. Haina herufi, haina mstari, haina kitu. Imepakwa rangi ya kung'aa tu. Hii ni ya kitanda, Mwenyekiti. Kichwa chenye upara hakina neno la kusema."

Hapo gogo zima lilishindwa kukohoa, maana Wilibrodi alikuwa na upara uliokuwa ukionekana kutoka kanisani hadi ghalani. Alijipapasa kichwa, akagundua kwamba anajipapasa, akashusha mkono.

"Wewe ulisomea lishe na kilimo," akasema. "Sikujua kwamba bolti zinaliwa."

"Chuoni tulikuwa na matrekta mawili na fundi mmoja mlevi. Nilichofundishwa darasani nimekisahau nusu. Nilichofundishwa chini ya trekta ninakikumbuka chote."

Lazima niieleze ile kura, kwa sababu mgeni hataamini. Siku zile kila kitu cha kijiji kilipigiwa kura: siku ya kupanda, nani alinde nguruwe pori, benchi la zahanati likae dirishani au mlangoni. Sisemi ni vibaya. Lakini mazoea yana tabia ya kuvuka mpaka. Jana yake Mwenyekiti alizileta bolti zake mbele ya halmashauri kwenye sahani ya maua ya mkewe. Mimi nilileta yangu kwenye kipande cha gunia. Nilikuwa nimeifungua kwenye tipa bovu la watu wa barabara lililokufa pembeni mwa kijiji, ambalo kazi yake kwa mwaka wa pili sasa ilikuwa kuwafunika kuku mvua isiwanyeshee. Ilikuwa nyeusi kwa grisi, na kichwani ina viduara vitatu na herufi.

Sahani ilizungushwa, kisha gunia. Wajumbe waliosafisha mikono kwa ajili ya mkutano hawakutaka kuishika ya kwangu. Mzee mmoja aliinusa. Wanaotaka zinazong'aa wanyooshe mikono: ikanyooka yote ila wangu. Wanaotaka hii ya Bibi Maendeleo: nikanyoosha mimi peke yangu, na katibu akaniuliza kama nataka kwenda nje.

"Halafu lile tipa ni mali ya umma," Mwenyekiti aliendelea sasa, akihesabu hoja zake kwa vidole. "Kuligusa kunahitaji kibali kutoka mjini. Ile bolti uliyoifungua ni wizi, nimekaa kimya kwa heshima ya Isakwisa."

"Na Landrova ni mali ya nani? Ya shangazi yako? Umma utatoa bolti mfuko wa kushoto utie mfuko wa kulia. Umma hautaibiwa hata punje."

"Isakwisa!" Mwenyekiti aliiita ile miguu. "Wewe ndiye dereva. Unasemaje?"

Miguu ilifikiri.

"Nikiambiwa niende, nitakwenda," sauti ilitoka chini ya gari. "Nitaendesha polepole."

Niliupiga teke ule mguu wa karibu. Si kwa nguvu.

"Kornel," nikamgeukia mwenye banda. "Wewe ni mhunzi, na baba yako alikuwa mhunzi, na babu yako aliyeyusha chuma kwa tanuri la udongo mlimani kule. Sema kitu."

Kornel alikuwa akiifuta nyundo ambayo haikuwa chafu. Dada yake, Kalista, alikuwa mke wa Mwenyekiti, na Kalista ndiye aliyekuwa akipika pombe nzuri kuliko zote za ulezi kijijini. Mtu mwenye shemeji kama huyo na dada kama huyo hakimbilii kutoa ushahidi.

"Chuma kina mambo yake," alisema.

"Tumeshukuru," nikasema.

Na hapo ndipo Kalista mwenyewe alipotokea, chungu kichwani ndani ya wavu wa kamba, wanawake wawili nyuma yake na vibuyu. Siku hiyo ilikuwa ya kuwapa pombe waliosaidia kuvuna ulezi wake, na kwa kawaida kikao huwa nyumbani kwake. Lakini aliposikia kwamba watu wote wako kwa Kornel wakimsikiliza Mama Suma akimtukana mumewe, aliona si haki kukosa. Alishusha chungu kwenye kata ya majani, akafunua mdomo wake. Harufu ilipita bandani. Wajumbe wa halmashauri, ambao hawakuonekana tangu asubuhi, walianza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na kikombe mfukoni kwa bahati tu.

Nilikitazama kile chungu. Kisha nikaitazama jiliwa kubwa ya Kornel, ile ya kubania vyuma aliyoachiwa na mapadri. Wazo likanijia, nami sikulipigia kura.

"Mama Evaristi, shikamoo," nilimwamkia Kalista, kwa kuwa alinizidi umri. "Hicho chungu kimejaa?"

"Marahaba. Kimejaa hadi shingoni."

"Niazime. Na ule wavu wa kamba unaobebea."

"Wa nini?"

"Mumeo anasema bolti zake zina nguvu. Mimi nasema hazina. Tuziulize zenyewe."

Nilifanya hivi. Nati niliibana kwenye jiliwa, bolti nikaipitisha ndani ya kipande cha bomba la chuma, nikaikaza kwenye ile nati mpaka ikashika. Kichwani nikaivisha spana ndefu, ikalala kando kama mkono wa mtu anayesimamisha basi. Atakayening'iniza mzigo mwisho wa spana, bolti itaubeba kwa kujikaza, kama itakavyojikaza kwenye ekseli. Bolti ngumu itavumilia. Bolti ya kitanda itajinyonga.

Nilianza na ile yangu nyeusi. Kalista alifunga chungu kwenye wavu, Kornel akamsaidia kukiinua, wakakining'iniza. Spana ikatetemeka, kisha ikatulia. Chungu kikayumba kidogo upepo ulipoingia, pombe ikapiga ukingo, watu wote wakashika pumzi. Hakuna kilichosogea. Nikaimba beti mbili za wimbo wa kupepeta ulezi, nikasahau wa tatu, na bado hakuna kilichosogea.

"Imeganda tu kwa kutu," Mwenyekiti akasema.

"Haya. Sasa tuweke ya kwako."

Wakashusha chungu. Nikaifungua ile yangu, na nati yake ikatoka kwa vidole tu, bila kukwama. Nikaifunga moja ya zile zinazong'aa na nati yake mpya, nikavisha spana.

"Kiinueni tena," nikasema.

"Ngoja," Mwenyekiti akasema.

Tukangoja.

"Nafikiri," akasema, akiwa ameegemeza mkono juu ya chungu, "kwa jaribio la pili tungetumia debe la maji. Au jiwe. Jiwe nalo ni zito."

Hata ile miguu chini ya gari ilijikunja, na kichwa cha Isakwisa kikatokea upande wa pili, grisi puani.

"Kwa nini jiwe?" nikauliza taratibu.

"Pombe ni jasho la watu. Ulezi ule umepandwa, umevunwa, umeoteshwa, umepikwa. Si vizuri kuhatarisha…"

Alijisikia mwenyewe. Nilimwona akijisikia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka nje, na watu wa gogo walikuwa wameshalipokea.

"Kumbe!" nikasema. "Chungu cha pombe huwezi kukikabidhi kwa bolti zako hapa bandani, futi mbili kutoka chini, kwenye majani. Lakini mume wangu unamkabidhi kwazo, na mlima upande huu na ziwa kule chini. Isakwisa, umesikia thamani yako? Uko chini ya chungu."

"Chungu chenyewe ni kikubwa," Isakwisa akasema kwa haki.

Kicheko kilichofuata kiliwafanya kuku waruke. Mwenyekiti alinyoosha mkono kutaka utulivu, lakini aliyenyamazisha watu alikuwa Kalista. Aliweka mikono kiunoni.

"Baba Evaristi," akamwambia mumewe. "Pombe ni yangu, si yako. Ulezi niliulima mimi. Nimekaa na bolti zako ndani ya sahani yangu ya maua, umezisifia chakula cha jioni, umezisifia chai ya asubuhi. Kama ni nzuri, chungu changu kitapona. Kining'inizwe!"

"Lakini mke wangu…"

"Kornel! Shika upande ule."

Kornel alishika upande ule. Ndugu wa kuzaliwa ni ndugu wa kuzaliwa.

Sasa likatokea jambo la aibu ambalo sijui kama niliandike, lakini nitaliandika. Wajumbe sita wa halmashauri, wote waliopigia kura bolti zinazong'aa, walisogea polepole wakachuchumaa kuuzunguka ule mzigo, na kila mmoja akatoa kikombe chake akakishikilia chini ya chungu. Mjumbe wa saba, yule mzee aliyenusa bolti yangu jana, alikuwa ametafuta bakuli.

"Ninyi!" Mwenyekiti alifoka. "Mnafanya nini hapo? Si mlisema zina nguvu?"

"Tunaziamini kabisa, Mwenyekiti," katibu alijibu, bila kuondoa kikombe.

Wakaachia. Spana ilisimama kwanza, na Mwenyekiti akavuta pumzi, karibu atabasamu. Kisha ikaanza kuinama. Ilishuka bila haraka, kwa adabu, kama mtu anayepiga goti mbele ya altare, na kwenye shingo ya bolti, pale inapokutana na bomba, mng'aro ule ukaanza kukunjamana na kubanduka. Chuma cha ndani kilikuwa cha kijivu na laini. Kilijisokota kama kamba ya katani.

"Inakuja," bakuli likasema.

Ikakatika. Haikutoa mlio mkubwa, ni tiki tu. Spana ikaanguka, chungu kikaanguka, na kabla hakijafika kwenye vikombe sita na bakuli moja, Wilibrodi alikwishajitupa. Sikujua kwamba mtu wa umri ule ana mbio zile. Alikidaka kifuani kwa mikono miwili, akaanguka kwa makalio juu ya majani, chungu mapajani, kizima. Nusu ya pombe iliingia ndani ya koti la sufi.

Sauti iliyotoka kwa wajumbe haikuwa ya furaha. Ilikuwa ya watu walionyimwa.

Kalista alikwenda, akakikagua chungu kwanza, kila upande. Kisha akamkagua mumewe.

"Kimepona," akatangaza.

Niliokota kichwa cha bolti, nikakiweka mbele ya Mwenyekiti pale alipoketi. Sikusema neno. Nilitaka sana, lakini nilijizuia, na jambo hilo ningependa lihesabiwe.

Alikitazama muda mrefu. Pombe ilikuwa ikimchuruzika kutoka kwenye mikono ya koti. Kisha akanyanyua macho, akamtazama Isakwisa, aliyekuwa bado amelala kifudifudi na kidevu chake juu ya jiwe, na nikaona uso wake ukibadilika. Wilibrodi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetembea mji mzima kutafuta kitu, na ni vigumu kwa mtu aliyechoka kukubali kwamba amebeba kitu kibovu.

"Isakwisa," akasema. "Ungekwenda nazo kweli hizi?"

"Niliambiwa, Ndugu Mwenyekiti."

"Siku nyingine ukiambiwa na mimi, muulize mkeo."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Lakini sasa," Mwenyekiti akaendelea, akijaribu kusimama bila kuachia chungu, "kuna tatizo la utaratibu. Halmashauri ilikwisha kuamua. Kuubadili uamuzi ni lazima kikao kiitishwe, na kikao ni Jumamosi. Meli inafika kesho."

Nilitaka kulia. Nilijua kwamba anaamini anachosema, na hilo ndilo lilikuwa baya.

"Akidi ni watu wangapi?" Kalista akauliza.

"Nusu ya wajumbe."

"Wahesabu basi. Wamechuchumaa mbele yako tangu chungu kiliponing'inizwa."

Mwenyekiti aliwatazama. Wajumbe walitazamana. Katibu alitaka kuficha kikombe, akaona hakuna mahali.

"Kikao kimefunguliwa," Wilibrodi akasema, maji ya ulezi yakidondoka kidevuni. "Wanaotaka bolti za tipa, na kibali tutakiomba baada ya mashine kufika, wanyooshe mikono."

Ilinyooka yote, na vikombe juu yake.

"Wanaopinga?"

Bakuli lilisita, kisha likakaa kimya.

"Imepita. Kornel, toa spana zote ulizonazo. Mama Suma, wewe ndiye unayezijua, twende ukazichague."

Hatukungoja wabadili mawazo. Tulivuka uwanja kuelekea tipa kundi zima, Isakwisa mbele na spana zake. Kuku walifukuzwa. Mwenyekiti, kwa kuwa koti lilikuwa limekwisha kuharibika, ndiye aliyelala chini ya ekseli ya tipa akaanza kufungua, na kila alipokwama Kornel alimpa kipande cha bomba cha kurefushia spana. Zilipotoka nilizipokea moja moja. Nilisugua kichwa kwa gunia mpaka viduara vitatu vikaonekana. Nilizungusha nati kwa vidole kutoka ncha hadi shingo. Iliyopita bila kukwama niliiweka mfukoni. Iliyogoma katikati, maana yake imekwisha kuvutika, niliitupa nyasini, hata kama Mwenyekiti alikuwa ametoka jasho kuifungua.

"Hiyo nayo?" alilia kutoka chini.

"Hiyo nayo. Fungua nyingine."

"Kuna ngapi zaidi?"

"Fungua tu, Ndugu Mwenyekiti."

Zilipotimia tulirudi kwenye Landrova. Isakwisa akaingia chini, nikaingia upande wa pili na gauni langu la kazi, nikimpa bolti na kushika taa ya chemli ingawa bado kulikuwa na mwanga. Meno yalioana. Alikaza ya kwanza, akaruka akakaza iliyo mkabala nayo, akarudi, mpaka ule mkono wa chuma ukakaa juu ya ekseli bila nafasi ya kupitisha ukucha. Kisha akakunja vile vibati vya kuzuia nati zisilegee, kimoja baada ya kingine, kwa patasi.

"Sasa?" aliniuliza.

Nilishika mkono ule wa chuma kwa mikono yangu yote miwili, nikautikisa kwa nguvu zangu zote. Gari zima lilitikisika juu ya mawe. Bolti hazikutikisika.

"Rudisha gurudumu," nikamwambia.